Kununua Chakula cha Nyongeza kwa Ng'ombe Wanaolishwa Nyasi Kavu

Katika nyanda za juu za Mwese, kama ilivyo kwingineko mkoani Katavi, mvua hukoma kuelekea mwezi Mei na kurejea Novemba. Mfugaji aliyekata nyasi mapema na kuzifunga marobota huwa amejikinga na njaa ya kiangazi, lakini si lazima awe amejikinga na upungufu wa protini. Nyasi zilizokatwa baada ya kukomaa na kutoa mbegu mara nyingi huwa na protini chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi hudhoofika. Ng'ombe huonekana ameshiba, kumbe anakonda. Maziwa hupungua, na majike huchelewa kupata joto.

Kwa hiyo mnunuzi anayeshuka Mpanda kutafuta chakula cha nyongeza ajiulize kwanza anachokosa ni nini. Pumba za mahindi huongeza nguvu, lakini protini yake ni takriban asilimia 10 tu. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yaweza kufikia 25, na ya pamba mara nyingi huzidi hapo. Gunia la kilo 50 la pumba basi lina kilo 5 za protini. La mashudu hayo lina kilo 12 na nusu. Hata mashudu yakiuzwa maradufu ya bei ya pumba, protini yake bado ni nafuu zaidi. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya magunia. Sisi twashauri walinganishe kilichomo. Jiwe la chumvi ni la lazima, ila hutoa madini tu, wala halichukui nafasi ya mashudu.

Gunia lifunguliwe kabla ya kulipa. Mashudu yenye ukungu, harufu ya uvundo au mabonge yenye unyevu yakataliwe hata yakipunguzwa bei, kwa kuwa sumukuvu iliyomo hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Anayeumia hapo si ng'ombe peke yake, bali pia mtoto anayekunywa maziwa hayo.

Wapo wauzaji wanaopendekeza mbolea ya urea kwa kuwa ni rahisi. Huweza kufaa, lakini kwa vipimo vya afisa mifugo tu. Isipewe ndama, wala isiyeyushwe katika maji ya kunywa. Ng'ombe aliyeizidisha hutetemeka, hutoa povu na kuvimba tumbo, na aweza kufa katika muda wa saa chache.

Ng'ombe mkubwa asiyekamuliwa hutosheka na takriban kilo moja ya mashudu kwa siku, akianza na kidogo na kuongezewa taratibu kwa wiki moja au mbili. Jambo linalosahauliwa ni kwamba nyongeza humfanya ale nyasi nyingi zaidi, si chache. Marobota yahesabiwe upya kabla ya kununua, ama sivyo ghala litakuwa tupu kabla ya Novemba.

Mzigo upimwe mbele ya mnunuzi, kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na risiti itunzwe hadi gunia la mwisho limalizike.