Lugha ya Orodha za Simu na Watumiaji Wazee

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu ya mkononi imekuwa mkoba wa watu wengi, wazee wakiwemo. Mzee anapotatizwa na simu, aghalabu lawama huelekezwa kwa macho yake, vidole vyake au kumbukumbu yake. Ni kweli kwamba uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu huanza kufifia mtu afikapo umri wa miaka 40 hivi. Kwa hivyo herufi kubwa zenye rangi inayoonekana wazi ni za lazima. Hata hivyo, ukubwa wa herufi haufai kitu iwapo neno lenyewe lina utata.

Mfano mmoja ni kitenzi *toa*. Katika orodha za huduma hizi, "Tuma Pesa" huandamana na "Toa Pesa". Hili la pili limekusudiwa kuonyesha kuchukua fedha taslimu kwa wakala. Kitenzi hicho, lakini, kina pande mbili. Kikifuatwa na mahali, kama katika "toa pesa benki", maana yake ni kuondoa kitu kilipokuwa. Kikikosa mahali, huweza pia kuwa na maana ya kumpa mwingine: kutoa sadaka, kutoa mchango, kutoa mahari. Mzee aliyekulia katika matumizi haya ana haki ya kudhani kwamba "Toa Pesa" ni kumpa mtu fedha. Kosa si lake, bali ni la tungo iliyokatwa.

Ukataji huo una sababu. Ujumbe unaofunguka kwa kupiga namba yenye nyota na reli hauzidi herufi 182. Lakini "Mpelekee mtu pesa" na "Chukua pesa kwa wakala" kwa jumla huchukua nafasi 39 tu, na kila tungo humtaja anayehusika.

Jambo hili si dogo. Mzee asiyeelewa orodha humkabidhi mwingine simu pamoja na namba ya siri. Tangu hapo siri si siri tena, wala fedha si zake peke yake. Yafaa basi, kabla ya istilahi kuidhinishwa, wazee wasomewe na waulizwe swali moja: fedha hizi zitaelekea wapi?