RISASI HAIFICHWI KWA RANGI

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari yanaitwa risasi. Kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki nacho kinaitwa risasi. Ndugu zetu wengi wanaoishi Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, waliikimbia hiyo ya pili huko Kongo, Burundi na Rwanda. Leo tunazungumza juu ya hiyo ya kwanza. Nayo inaua, ila haina mlio.

Ndugu mmoja mkazi wa Dzaleka alitujia na malalamiko. Kazi yake ni kusubu vipande vya risasi vya kutia uzito kwenye nyavu za wavuvi, na kuvipaka rangi ya unga ili visichafue mikono ya mnunuzi. Analipwa kwa kipande. Rangi yake ilikuwa haishiki. Kila siku ya malipo vipande vilivyobabuka vilihesabiwa, na hesabu hiyo ikakatwa katika ujira wake. Msimamizi akasema huo ni uzembe. Ndugu yetu alituuliza swali moja tu: je, ni uzembe wangu, au kuna jambo nisilofundishwa?

Tulikwenda kuitazama kazi hiyo katika karakana moja mjini Lilongwe, ambayo jina lake tunaliacha. Tuliyoyaona tunayaeleza hapa, maana yanawahusu pia wenzetu wa viwandani wanaopaka vitanda, malango na fremu za madirisha, na wenzetu wa mashambani ambao huagizwa kuvunja betri kuukuu za matrekta.

RANGI YA UNGA NI KITU GANI

Rangi tuliyoizoea ni ya maji au ya mafuta. Rangi ya unga ni vumbi kavu la plastiki lililosagwa pamoja na rangi yenyewe. Haipakwi kwa brashi. Hupulizwa kwa bomba lenye umeme, na kitu kinachopakwa hufungwa waya uendao ardhini. Vumbi lenye umeme hukirukia kile kitu na kukishika, kama vipande vya karatasi vinavyorukia kitana kilichopitishwa kwenye nywele kavu. Baada ya hapo kitu huingizwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi. Vumbi huyeyuka, hutandaa, kisha huganda na kuwa ngozi ngumu.

Asiye na bomba la umeme ana njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kukipasha moto kipande na kukichovya katika unga. Ya pili ni kuvitia vipande na unga katika chombo cha plastiki chenye kifuniko na kuvitikisa, ili msuguano wenyewe uzae umeme. Njia hii ya kutikisa inajulikana sana kwa walenga shabaha wa Marekani, ambao husubu risasi za bunduki zao majumbani na kuzivika rangi ya unga badala ya kuzipaka grisi. Hapa Malawi kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni kosa, wala hatujaonana na mtu wa Dzaleka anayeitamani kazi hiyo. Lakini madini ni yale yale, unga ni ule ule, na sababu za rangi kubabuka ni zile zile.

KWA NINI HAISHIKI

Sababu kubwa ni tano.

Kwanza, mafuta. Kalibu hupakwa mafuta au moshi ili kipande kitoke kwa urahisi, na mafuta hayo hubaki juu ya kipande. Kisha mfanyakazi hukishika kwa mkono mtupu, na jasho la vidole huongezea. Rangi hushika mafuta, haishiki chuma. Mafuta yakiachia, rangi nayo huachia. Dawa yake ni kuosha kwa maji moto na sabuni, kusuuza, kukausha, na tangu hapo kushika kwa glavu safi au kwa koleo.

Pili, kuchelewa. Risasi iliyotoka kwenye kalibu sasa hivi inang'aa. Ikikaa, hewa huijengea utando wa kijivu, nao utando huo ni dhaifu. Kipande kipakwe mapema. Kilicholala siku nyingi kisafishwe upya kwa maji, kamwe kisipigwe msasa kikavu, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Tatu, unyevu. Wakati wa mvua, unga ulioachwa wazi hushika madonge, na umeme wake hupotelea hewani. Mtu ataona unga umeanguka chini badala ya kurukia kipande, naye atadhani chombo kimeharibika. Unga ufungwe katika chombo kisichopitisha hewa, na kipande kiwe kikavu kabisa. Kwa wenye bomba, waya wa ardhini lazima uguse chuma kitupu. Kulabu iliyojaa rangi ya jana haipitishi umeme.

Nne, hewa iliyofichwa. Kitu cha kusubu kina vitundu vidogo visivyoonekana. Kikipata joto, hewa iliyomo hutoka na kupasua rangi, ikaacha malengelenge. Kipande kipashwe moto kwanza kabla ya kupakwa, hewa itoke, ndipo kipakwe.

Tano, moto usiotosha. Hapa ndipo ndugu yetu alipoonewa zaidi. Kipande cha risasi ni kizito, na joto huchelewa kuingia moyoni mwake. Dakika za kuoka, ambazo kwa unga wa kawaida ni kama 10 hadi 20, huhesabiwa tangu chuma chenyewe kimepata joto, si tangu mlango wa tanuri ulipofungwa. Msimamizi alihesabu tangu mlango. Rangi ilitoka inang'aa na kupendeza, lakini ilikuwa haijaiva.

Kuna njia rahisi ya kupima. Kipande kikipoa, kisugue kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikihamia kwenye kitambaa kwa wingi, haijaiva. Kisha weka kipande juu ya fuawe, ukigonge kwa nyundo hadi kibonyee. Rangi iliyoshika hubonyea pamoja na chuma. Isiyoshika hupukutika kama maganda.

Tahadhari moja juu ya joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, kwa hiyo nyuzi 200 haziiyeyushi. Lakini tanuri ya pipa isiyo na kipimajoto haijui mipaka. Zaidi ya hayo, risasi ya kuokoteza huchanganyika na lehemu, na lehemu ya bati na risasi huweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Fundi asiye na kipimajoto anabahatisha, na anayelipia bahati mbaya ni yeye.

KINACHOSHIKA BILA KUPAKWA

Ndugu wafanyakazi, rangi ni ngumu kushika, lakini risasi yenyewe hushika upesi. Hushika mikono, nguo, nywele, na mkate unaoliwa saa ya mapumziko. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa kinywa, na mwili huiweka akiba katika mifupa kwa miaka mingi. Dalili zake ni za kudanganya: tumbo kusokota, kufunga choo, kichwa kuuma, uchovu, damu kupungua, viganja kulegea. Mtu hudhani ni malaria au ni uzee. Mama mjamzito huweza kuharibu mimba. Mtoto hudumaa akili, na hiyo hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Ndiyo maana tulisema kipande kisipigwe msasa kikavu: vumbi lake ni sumu. Utando wa kijivu unaokusanywa juu ya risasi iliyoyeyuka nao ni sumu, usifagiliwe kwa ufagio mkavu. Kadiri sufuria inavyozidishiwa moto, ndivyo mvuke wake unavyozidi. Tone moja la maji likizama katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni mwa mfanyakazi. Unga wa rangi nao si wa kuvuta puani: baadhi ya aina huleta pumu na upele, na unga uliotanda hewani huweza kulipuka ukikutana na cheche. Na tanuri iliyookea rangi isipikie chakula milele, wala sufuria ya risasi isirudi jikoni.

Tena tusidanganyike kwamba kipande kilichovikwa rangi kimekwisha sumu. Rangi hukwaruzika juu ya mawe, na risasi iko pale pale chini yake. Rangi humsaidia mnunuzi asiishike. Haimsaidii hata kidogo aliyeiyeyusha.

YALIYOTOKEA MOMBASA

Anayefikiri tunatia chumvi na atazame kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, nchini Kenya. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Ndugu Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, na ikagundulika ana risasi mwilini. Aliwakusanya majirani, wakaandamana, akakamatwa, hakukoma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea katika mahakama za juu. Sumu iliyotoka katika lile tanuri haikuishia langoni mwa kiwanda. Ilifuata nguo za kazi hadi nyumbani.

Wala jambo hili si geni kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 13 wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado tunaomba sabuni.

NANI ALIPIE KUBABUKA

Sasa tulirudie swali la ndugu yetu. Tazameni vizuri: yale yanayoifanya rangi ishike ndiyo yale yanayomlinda mfanyakazi. Maji na sabuni, glavu, kusafisha kwa maji badala ya vumbi, kipimajoto, na muda wa kutosha. Mwajiri anayepunguza dakika za kuosha na kuoka anaharibu rangi na damu ya mtu kwa pamoja. Kisha rangi ikibabuka, anamkata mfanyakazi. Damu ikiharibika, anamwambia aende hospitali.

Sheria za Malawi haziruhusu mchezo huo. Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2000 inaweka mipaka ya kukata ujira. Lakini mtu wa Dzaleka anadaije haki hiyo? Kambi ile, ambayo zamani za Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na sasa wanaishi zaidi ya 50,000. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kutoka huko hadi Lilongwe ni zaidi kidogo ya kilomita 40. Mtu asiye na kibali akivuka kilomita hizo kutafuta riziki, mwajiri asiye na haya anajua kwamba hatashtaki. Basi humpa kazi ambayo mwingine ameikataa.

Wapo wanachama wetu wanaosema hawa wanatushushia ujira. Sisi tunasema ujira hushushwa na anayelipa. Ikiwa mmoja anaweza kuyeyushishwa risasi bila glavu kwa sababu hana karatasi, kesho mwenye karatasi ataambiwa glavu ni anasa.

TULIVYOFANYA

Tulimwomba msimamizi akubali jaribio. Vipande 10 vilioshwa, vikakaushwa, vikapashwa moto, vikapakwa, vikaokwa kwa kuhesabu joto la chuma. Vingine 10 vilipakwa kama desturi ya pale. Kisha nyundo ikaletwa mbele ya wote. Vya kwanza vilibonyea na rangi yake. Vya pili vilipukutika, na wafanyakazi wakatazamana.

Msimamizi alikubali kusimamisha makato na kuongeza muda wa tanuri. Sabuni ya kuoshea vipande imeletwa. Sabuni ya kuoshea mikono ya watu, tulipoondoka, ilikuwa bado haijaletwa. Ndugu yetu na wenzake waliamua kwamba ile ya vipande wataitumia pia kwa mikono, kabla ya kula na kabla ya kurudi nyumbani, wala hawataomba ruhusa.

Ndugu wafanyakazi, tunawaomba kila mahali panapoyeyushwa au kuvunjwa risasi mdai mambo haya kwa sauti moja: bomba la maji na sabuni, nguo za kazi zinazobaki kazini, mahali pa kulia mbali na tanuri, hewa ya kutosha, kipimajoto, na kupimwa damu kwa gharama ya mwajiri. Watoto na akina mama wajawazito wasikaribie kabisa. Pale msipokuwa na tawi, tuandikieni, awe ni raia anayeandika au mkimbizi. Haba na haba hujaza kibaba, na sumu nayo hujaa mwilini hivyo hivyo. Tusingoje ijae.