Tenda ya kongamano la utalii: usiprinti kabla ya kusaini

Muuzaji wa mtandaoni, serikali ikiandaa kongamano la utalii lazima inunue mabegi, fulana na zawadi. Mbona zisiwe zako? Hapa Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema hivi:

✅ Angalau asilimia 30 ya manunuzi ni ya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Cheti cha AGPO ni bure, usimlipe mtu.

✅ Ofisi haifai kuanza kununua kabla pesa hazijatengwa kwa bajeti. Uliza.

✅ Kushinda tenda bado sio mkataba. Mkataba ni wa maandishi, mkishasaini nyote wawili.

Kwa hivyo ukipigiwa simu, "Anza kuprinti, karatasi zinakuja," ngoja kwanza. Mabegi yenye nembo ya kongamano utamuuzia nani mwingine?

Mtumie mwenzako anayeprinti.