Magneto, Thanos na Bunge la Bwenini

Kama umewahi kulala katika bweni la kidato cha tatu, basi unajua kwamba taa zikizimwa ndipo bunge linapofunguliwa. Wapo wanaojadili kandanda. Wapo wanaojadili githeri ya Jumatano, kama ina maharagwe au ina harufu ya maharagwe tu. Sisi muhula wa pili tulijadili maadui. Si maadui wetu, la hasha! Maadui wa filamu na wa vitabu vya katuni, wale wenye nguvu ambazo Mola hakumjalia binadamu. Stelingi huwashinda dakika ya mwisho, nasi tukirudi vitandani tunawakumbuka wao kuliko stelingi mwenyewe.

Chanzo kilikuwa kauli moja tu. Jirani yangu wa kitanda cha juu alisema ati Magneto akikutana na Thanos, Thanos hatoki. Nami nikadakia kutoka chini, "Aa wapi!" Kabla kiranja hajafika tulikuwa tumeshagawanyika kambi mbili, na nusu ya bweni ikakesha. Mwalimu mlezi wa Chama alipopata habari hakutuadhibu. Alisema tulete mambo hayo mkutanoni siku ya Alhamisi, kwa Kiswahili, na kila msemaji aje na ushahidi. Mhariri ameniomba nieleze yaliyojiri. Nimekubali upesi, maana kuna wanaotangaza kwamba nilishindwa vibaya, na hilo si kweli kabisa. Nilishindwa kiasi.

Kwa asiyewajua mabwana hawa, niwatambulishe. Magneto ana nguvu za sumaku. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1963 katika toleo la kwanza la katuni ya X-Men, iliyobuniwa na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby huko Marekani. Yeye na wenzake walizaliwa na mabadiliko katika jeni zao, na walimwengu wanawaogopa. Thanos ni jitu la sayari nyingine. Alibuniwa na Jim Starlin, akaonekana mwaka 1973 katika toleo la 55 la Iron Man. Silaha yake kubwa ni glavu yenye mawe sita, na ayapatapo yote hana cha kumzuia. Wote wawili ni mali ya kampuni moja, Marvel, ndiyo maana si dhambi kuwapambanisha.

Tulipoanza, jambo la kwanza lililotukwamisha ni hili: Magneto yupi? Maana nguvu za mhusika hazikai mwilini mwake, zinakaa katika kalamu ya anayemwandika. Mwaka 1993, katika katuni, Magneto alimvuta Wolverine madini yote yaliyofunika mifupa yake, yakamtoka kupitia ngozi. Huyo ni Magneto wa kutisha. Lakini katika filamu huwekwa katika gereza la plastiki, akakaa humo kama kuku wa kizimbani. Thanos naye ni hivyo hivyo. Basi ukitaka kubishana na mtu kuhusu nani mkali, kwanza mkubaliane mnasoma ukurasa gani. La sivyo mtakuwa mnabishana kuhusu watu wanne, nanyi mnadhani ni wawili.

Na hili si geni kwetu. Fumo Liongo wa pwani yetu, masimulizi yanasema, hakupenya mwilini mwake mkuki wala mshale, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Nguvu zake zilikuwa na sharti, na aliyelijua sharti ndiye aliyemmaliza. Mwanachama mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza kama Magneto angaliweza kuizuia sindano ile. Tulicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Shaba haivutwi na sumaku! Dhahabu pia haivutwi, na glavu ya Thanos katika filamu inang'aa dhahabu. Niliishika hoja hiyo kama mkwaju. Nikawaambia, chukueni sumaku ya maabara mkaijaribu kwenye pete ya mama, mtaona.

Jirani yangu wa juu alikuwa amejitayarisha, bwana wee. Alikwenda ubaoni akachora koili. Akaeleza kwamba sumaku tulivu haiigusi shaba, lakini nguvu ya sumaku ikibadilika upesi huzua mkondo wa umeme ndani ya shaba, ndani ya alumini, hata ndani ya dhahabu, na mkondo huo wenyewe hugeuka sumaku. Hapo chuma kisichovutwa kinaweza kusukumwa. Kisha akaleta habari ya chura. Mwaka 1997, katika mji wa Nijmegen nchini Uholanzi, wanasayansi walimwelea chura hai hewani ndani ya sumaku ya tesla 16 hivi. Chura! Hana hata punje ya chuma ya kuonekana kwa macho. Maji yaliyomo mwilini mwake husukumwa na sumaku, kidogo mno, ila sumaku ikiwa kali ya kutosha husukumwa vya kutosha. Mmoja wa wanasayansi hao, Andre Geim, alikuja kutunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2010 kwa kazi nyingine. Ukumbi ulipiga makofi na mimi nikakaa chini. Huko ndiko kushindwa kwangu kiasi.

Hata hivyo nilinyanyuka tena kuhusu damu, maana hapo wengi hukosea. Utamsikia mtu akisema Magneto angemuua Thanos, au yeyote yule, kwa kuvuta chuma kilichomo damuni. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu nne hivi, yaani uzito wa msumari mmoja mdogo. Tena hicho hakikukaa kama msumari. Kimetawanywa chembe moja moja, sehemu kubwa ikiwa ndani ya himoglobini, na hivyo hakina tabia ya sumaku tunayoijua. Damu yenye oksijeni husukumwa na sumaku kidogo sana badala ya kuvutwa. Mgonjwa huingizwa hospitalini katika mashine ya picha yenye sumaku ya tesla 1.5 au 3, wakati nguvu ya sumaku ya dunia haifiki hata sehemu ya elfu kumi ya tesla moja, na hutoka akiwa na damu yake yote. Watengenezaji wa filamu ya pili ya X-Men, ya mwaka 2003, walilifahamu hilo. Magneto anatoroka gerezani kwa kumvuta mlinzi chuma mwilini, lakini kabla ya hapo Mystique, mshirika wake, alikuwa amemdunga mlinzi huyo sindano ya madini. Ambaye hakuiona sindano alidhani ni damu ya kawaida. Wengi wetu tulikuwa tumetoka nje wakati huo. Chai ilikuwa imeletwa.

Sasa tuache nguvu, tuje kwenye nia, maana hapo ndipo mjadala ulipokoma kuwa mchezo.

Mwalimu mlezi alituandikia ubaoni maneno matatu: sababu, nia, kisingizio. Akatutaka tusiyachanganye. Sababu ni lililokusukuma. Nia ni unalolitaka. Kisingizio ni unalowaambia watu.

Mimi nilikuwa upande wa Thanos, na wakati wa nguvu mambo yalikuwa mepesi. Wakati wa nia nilijikuta natetea jambo lisilotetewa. Katika katuni ya mwaka 1991, Thanos huua nusu ya viumbe ili kuifurahisha Mauti, ambayo humo imechorwa kama mwanamke anayempenda. Hapo hakuna kisingizio, ni wazimu wa mapenzi. Filamu ya mwaka 2018, Avengers: Infinity War, ikambadilisha. Humo anadai kwamba viumbe ni wengi, vyakula ni haba, sayari yake ilikufa kwa sababu hiyo, basi akiondoa nusu waliobaki watashiba. Nikasimama nikaeleza hivyo kwa madaha, nikataja na Thomas Malthus, Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula.

Msichana wa kidato cha nne aliniuliza swali moja tu: "Ukipunguza nusu, unarudi mwaka gani?"

Sikuwa nimepiga hesabu. Yeye alikuwa amepiga. Filamu ilipotoka mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu bilioni 7.6 hivi. Nusu yake ni bilioni 3.8. Dunia ilikuwa na bilioni 3.7 mwaka 1970. Yaani Thanos, kwa mauaji yote yale, alirudisha saa nyuma chini ya miaka hamsini tu, na watu wangeongezeka tena. Akaja nyumbani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Nusu ni milioni 23.8. Tulikuwa milioni 21.4 mwaka 1989. Je, tulipokuwa wachache tulishiba? Mwaka 1984, tukiwa hata hatujafika milioni 21, ukame ulitupiga, na wazee wetu wanayakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Akamalizia, ikiwa ni nusu ya viumbe vyote, basi ng'ombe nusu wameenda, mkulima nusu ameenda, dereva wa lori la unga nusu ameenda. Sahani ni ile ile.

Nikajitetea kwamba Thanos alikosea hesabu ila nia ilikuwa njema. Akaniuliza kwa nini hakuongeza chakula, ilhali glavu inaweza lolote. Na tena nikumbuke filamu iliyofuata, ya mwaka 2019. Thanos anapogundua kwamba walionusurika hawamshukuru, anaamua kuuvunja ulimwengu mzima na kuumba mwingine utakaomshukuru. Njaa haitajwi tena. Kumbe shida yake haikuwa sahani za watu. Alitaka aambiwe alikuwa sahihi. Neno la tatu ubaoni lilikuwa linanitazama. Nikakaa.

Ilikuwa zamu ya jirani yangu wa juu kumtetea Magneto. Tulitarajia koili nyingine. Hakwenda ubaoni.

Alieleza kwanza kwamba Magneto wa 1963 alikuwa adui wa kawaida, anataka kutawala dunia, basi. Mwaka 1981 mwandishi Chris Claremont, katika toleo la 150, akampa utoto: alikuwa mtoto katika kambi ya Auschwitz, mahali ambapo Wanazi waliua watu takriban milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Auschwitz si hadithi ya katuni. Filamu ya mwaka 2000 inafunguka nchini Poland mwaka 1944. Mvua inanyesha, mvulana anatenganishwa na wazazi wake, lango la chuma linafungwa, naye anaponyoosha mkono lango linapinda.

Kisha akasema jambo ambalo sikulijua, na nililala chini yake miaka miwili na nusu. Alisema alizaliwa mwaka 2008 kambini, ndani ya hema, katika Bonde la Ufa, baada ya nyumba yao kuchomwa. Mama yake alikimbia akiwa na mimba yake. Alisema: "Mama huambiwa asahau. Wanaomwambia hawakupoteza hata kijiko. Magneto ni mtu anayekataa kuambiwa asahau. Kwa hiyo mimi ninamwelewa, na anayenicheka na acheke."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeandikishwa kumjibu, na karatasi yangu ilikuwa na mzaha juu ya kofia ya Magneto. Niliikunja. Nilisema nisilokuwa nimeliandaa, na sijui hata leo kama nilikuwa na haki ya kulisema. Nilimwuliza kuhusu msichana. Katika filamu ile ile ya mwaka 2000 Magneto anamteka msichana, Rogue, anamfunga kwenye mashine itakayomuua, ili wengine wa jamii yake waishi salama. Analia, naye anafungwa. Na katika ile ya 2003, mwanajeshi mmoja anaunda mpango wa kuwaua wote waliozaliwa kama Magneto, mashine ikiwa tayari imewashwa. Magneto anafika na kuweza kuizima. Haizimi. Anaigeuza shabaha tu, iwaue binadamu wengine wote. Nikasema, mtoto wa langoni namwelewa pia, lakini kwa msichana yule, Magneto ndiye aliyefunga lango.

Alinyamaza kitambo. Mwalimu alitaka kufunga mkutano, naye akainua mkono. "Sikumtetea kwa ajili ya mashine," akasema. "Yule wa mashine mchukueni. Mimi namtaka yule wa langoni. Tatizo lenu, mkimhukumu mkubwa mnamhukumu na mdogo."

Kura zilipigwa kwa mikono. Kuhusu nguvu, Magneto alishinda, na nalaumu chura. Kuhusu nia, Thanos hakupata kura hata moja, hata yangu. Kuhusu Magneto, mwalimu aliuliza mara mbili nani wanamtetea na nani wanampinga, na mara zote mbili watu wengi waliacha mikono mapajani, hata katibu akaandika "haikuamuliwa".

Usiku huo taa zilipozimwa bunge halikufunguliwa. Baadaye kidogo kitanda cha juu kililia, nikasikia sauti ikiuliza kama nimelala. Nikajibu bado. Akaniambia muhula ujao anapendekeza Killmonger wa Black Panther, kwa sababu huyo naye aliachwa akiwa mdogo, na kwamba ameshaniandikisha upande wa kumtetea ili nionje. Nikamwambia sawa, lakini safari hii yeye ndiye aje na hesabu.