Kayna: Kabla ya kuuza disiki za mzee, soma kwanza etiketi

Kusini mwa Lubero, kuanzia Kanyabayonga, kupita Kayna na Kirumba hadi kufika Butembo, vita vimefundisha watu kufunga mizigo haraka. Kinachobebwa ni godoro, sufuria na vyeti vya shule vya watoto. Sanduku la disiki za mzee linabaki chini ya kitanda, ama linauzwa lote kwa pamoja kwa mpita njia, bila hata kufunguliwa. Hasara inaingia hapo, maana disiki mbili za wimbo mmoja zinaweza kuonekana mapacha kumbe hazikuzaliwa siku moja wala nchi moja.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni jina la nchi na la mji. Etiketi yenye neno Léopoldville ni ya zamani, kwa sababu mji huo ulipewa jina la Kinshasa mwaka 1966. Neno Zaïre linatuleta baada ya Oktoba 1971. Hata kiwanda cha disiki cha Kinshasa kilifuata siasa: kilikuwa MACODIS, kikawa MAZADIS. Kwa hiyo wimbo uleule ukiwa na jina MACODIS upande huu na MAZADIS upande ule, hayo ni matoleo mawili, na la pili ni la baadaye.

Majina ya wanamuziki nayo yanasema. Mwaka 1972, wakati wa authenticité ya Mobutu, majina ya Kizungu yaliwekwa kando. Rochereau akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi, Docteur Nico akawa Kasanda wa Mikalay. Ukimkuta mtu na jina jipya kwenye wimbo wa miaka ya 1960, mara nyingi mkononi una toleo lililorudiwa. Franco mwenyewe alipitisha nyimbo zake kwenye etiketi kadhaa, zikiwemo Epanza Makita, Boma Bango na Editions Populaires. Verckys, alipotoka OK Jazz, alianzisha Vévé yake.

Tuseme ukweli kuhusu "Indépendance Cha Cha". Kila mtu anayeikuta anadhani amepata dhahabu. Grand Kallé na African Jazz waliirekodi Brussels mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na ikatoka kwenye etiketi ya Kallé mwenyewe, Surboum African Jazz. Lakini wimbo huo ulichapwa tena baadaye mara nyingi. Jina la wimbo peke yake halitoshi.

Kwetu huku kuna jambo lingine ambalo watu wa Kinshasa hawalifikirii sana. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo wamezoea njia ya Kasindi kuelekea Uganda na Kenya. Nairobi kulikuwa na kampuni kama ASL, iliyotoa nyimbo nyingi za Congo kwa soko la Afrika Mashariki. Ukikuta wimbo wa Lingala wenye etiketi ya Nairobi, maandishi ya Kiingereza, na pengine jina la wimbo limeandikwa vibaya, usiitupe ukidhani ni ya bandia. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaotafuta tofauti za namna hiyo hasa, na kosa la mchapaji ndilo linalowafurahisha.

Jicho likishamaliza etiketi, lishuke kwenye sehemu laini karibu nayo, pale mistari ya sauti inapoishia. Huko kuna namba zilizochorwa au kugongwa kiwandani. Shika disiki chini ya taa na kuigeuza polepole. Etiketi zinaweza kufanana kabisa na namba hizo zikatofautiana, na namba zinatoka kwenye umbo lenyewe lililotumika kukandamiza disiki.

Posheti inadanganya kuliko yote. Nyumbani watoto walizibadilisha, na kwenye baa ndiyo usiseme. Linganisha namba ya posheti na ile ya etiketi. Zisipolingana, posheti ni ya disiki nyingine. Muhuri wa duka au jina la mwenyewe kwa kalamu usivifute. Kuna wanunuzi wanaoshusha bei kwa sababu hiyo, lakini kwangu mimi muhuri unaoonyesha disiki iliuzwa mji gani una thamani kuliko karatasi safi.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Lakini sauti zenyewe zinashikika: ziko kwenye plastiki, na kwa nyimbo nyingi ambazo mikanda yake ya studio imepotea, disiki ndiyo shahidi aliyebaki. Kabla ya kuuza, piga picha pande zote mbili, andika namba, na ukipata kifaa cha kupigia, nakili sauti kwenye simu.

Zile nzito za mizunguko 78, za akina Ngoma, Opika, Loningisa, au za Jean-Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, zinavunjika kama sahani ya udongo. Zisimamishe wima, mbali na jua. Na usizisafishe kwa alkoli, maana inazila.