Mkono unaokufa ganzi



Mwezi uliopita mtoboaji mmoja alishuka kutoka machimboni, akafika kwenye dispanseri yetu ya Goma kwa ajili ya malaria. Nilimpa vidonge na kikombe cha maji, na kikombe kikamponyoka. Akacheka: "Muganga, hiyo ni mikono yangu tu, nimeizoea." Nikamwuliza ameizoea tangu lini. Akahesabu, akapata miaka miwili. Usiku vidole vinamchoma kama vimeguswa na upupu. Anaamka, anakung'uta mkono, analala tena. Asubuhi mke wake ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Miaka miwili yote hiyo, na kazini hakumwambia mtu, si kapita, si sisi wa dispanseri.

Nilipomwuliza sababu alijibu kwamba wangemtoa kwenye mashine, na posho ya mtoboaji ingepotea. Amenipa ruhusa niyaandike haya bila jina lake, kwa sababu anajua wako wengine.

Jiwe likimwangukia mtu mguuni, damu inatoka, wenzake wanaona, kapita anaandika siku na saa. Ajali ina tarehe. Ugonjwa wa mkono hauna tarehe. Unaingia polepole kwa mtetemo wa mashine na kwa kurudia tendo lile lile mara elfu kwa siku, na siku unapokushinda kabisa hakuna karatasi hata moja inayoonyesha ulianzia wapi. Ndiyo maana leo nitasema juu ya mkono wenyewe, kisha juu ya karatasi.

Vidole vinavutwa na kano, ile mishipa migumu inayotoka kwenye kigasha na kupita kwenye kifundo cha mkono. Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kama mfereji; kano tisa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu vinapita humo pamoja. Ukikaza mkono kutwa nzima, au ukiukunja huku unatumia nguvu, njia hiyo inavimba ndani na mshipa wa fahamu unabanwa. Dalili zake zinajulikana: ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata, zaidi wakati wa usiku. Kidole kidogo huachwa. Mtu akiniambia kidole kidogo peke yake ndicho kinachokufa ganzi, natafuta sababu nyingine, mara nyingi kwenye kiwiko.

Wanaoponda mawe kwa nyundo na wanaopakia kwa beleshi huumwa zaidi upande wa nje wa kiwiko, au kwenye kifundo chini ya kidole gumba. Hao wakipumzishwa mapema wengi hupona.

Ugonjwa wa mtetemo ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mashine ya kutoboa mwamba inapotetema inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu kwenye vidole. Asubuhi ya baridi, kama zile za milima ya Masisi, damu inakataa kufika kwenye ncha za vidole. Vitabu vya Wazungu vinasema vidole vinakuwa vyeupe. Kwetu usingoje weupe: tazama upande wa kiganja na chini ya kucha. Utaona rangi imepauka kama majivu, na mpaka wake unaonekana wazi. Baadaye damu inarudi kwa maumivu makali. Mtu akiendelea na mashine, mwisho wake hawezi kuokota msumari wala kutambua franga mfukoni kwa kugusa. Hapo dawa haziurudishi mkono kama ulivyokuwa.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1713 mganga Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani ambao mikono yao iliharibika kwa kuandika kutwa. Mwaka 1918 mganga wa kike wa Marekani, Alice Hamilton, aliwapima wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vinakufa kwa baridi. Uingereza iliuingiza ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya kazi mwaka 1985, na wachimba makaa ya mawe wa kule walishinda kesi yao mahakamani katika miaka ya 1990. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika orodha yake ya mwaka 2010, limeandika magonjwa ya mtetemo na ule wa mshipa wa kifundo. Basi mtu asikuambie kwamba ni uvivu au uzee.

Sasa juu ya saa za mashine. Nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha mtetemo kwa siku ya saa 8: mita 5 kwa sekunde ya mraba. Mtetemo ukiwa mara mbili, muda haugawanywi kwa mbili, unagawanywa kwa nne. Mashine yenye mtetemo wa 10 inafikia kikomo kwa saa 2. Yenye 20 inakifikia kwa nusu saa tu. Na mashine nyingi za kutobolea mwamba ziko karibu na hiyo 20. Makapita wetu naomba mwisome hesabu hiyo mara mbili. Watu wawili wakibadilishana mashine moja, hiyo si huruma, ndiyo kazi inavyotakiwa kupangwa. Chuma kilichochakaa kibadilishwe, kwa maana chuma butu kinamlazimisha mtu kusukuma na kukaza zaidi. Na wewe mtoboaji, shika mashine kwa nguvu ile tu inayotosha kuiongoza. Glavu zinasaidia kutunza joto, lakini msidhani zinazuia mtetemo wote. Sigara inabana mishipa ile ile ambayo mashine imekwisha kuibana.

Ukiumwa, usichanjwe chale juu ya kifundo. Nimekwisha kuona usaha mahali palipokuwa na ganzi tu. Usinunue sindano za maumivu dukani ili urudi kwenye mashine siku hiyo hiyo. Sindano inanyamazisha maumivu, na mkono unazidi kuharibika bila wewe kusikia. Kwa mshipa uliobanwa tunafunga kifundo usiku kwenye kibao laini, kikae kimenyooka. Ikishindikana kuna upasuaji mdogo hospitalini.

Nije kwenye karatasi. CNSS ndilo shirika la akiba ya jamii la nchi yetu. Zamani liliitwa INSS, nalo lilianzishwa mwaka 1961. Jina la sasa limekuja baada ya sheria ya 15 Julai 2016. Karatasi zako za zamani zenye jina INSS usizitupe. Shirika hilo lina tawi la ajali na magonjwa ya kazi, na mchango wake, 1.5 kwa mia ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Kwenye mshahara wako hakikatwi kitu kwa ajili ya tawi hilo. Ile 5 kwa mia unayoiona imekatwa ni ya pensheni.

Ukipumzishwa kwa ugonjwa, Sheria ya Kazi inakupa theluthi mbili za mshahara. Mkono usipopona, mganga mshauri wa CNSS anapima uwezo uliopotea na kuuandika kwa mia. Ukifika 15 kwa mia au zaidi unapata malipo ya kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo unalipwa mara moja tu. Mganga huyo hakuoni machimboni. Anaona dosye. Akikuta barua moja iliyoandikwa juzi, atasema nini? Lakini akikuta kwamba ganzi iliandikwa dispanseri miaka mitatu iliyopita, kwamba kapita alijulishwa, na kwamba ulikuwa kwenye mashine fulani kwa saa fulani, hapo ana kitu cha kushika. Atakuuliza pia juu ya shamba, na kama unasukuma chukudu siku za mapumziko. Mjibu kweli. Uongo mdogo ukigunduliwa unaangusha dosye nzima.

Kupeleka habari CNSS ni wajibu wa mwajiri. Akikawia, mwone mjumbe wa sindika au mkaguzi wa kazi. Nawe mwenyewe unaweza kupeleka. Wanaolipwa kwa siku waulize kama wana namba ya CNSS, waulize leo wakiwa bado na afya. Wachimbaji wa kujitegemea hawana mwajiri wa kuwalipia mchango huo, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa maana mikono yao inaumia kuliko ya wengi wetu.

Weka nakala mbili, katika nyumba mbili. Wenyeji wa Goma hatuhitaji kufundishwa hilo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulimwaga moto mpaka katikati ya mji, ukala nyumba na ofisi pamoja na makabati yake. Tarehe 22 Mei 2021 ukala tena nyumba za upande wa kaskazini. Na tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025 na benki zikafunga, kufuatilia karatasi kumekuwa safari ndefu. Piga picha kwa simu, umtumie ndugu aliye mbali.

Yule mtoboaji sasa yuko stoo ya vifaa kwa miezi mitatu, na kifundo chake kinafungwa usiku. Posho yake imepungua kweli, wala sitaficha. Dosye yake ina karatasi nne. Juzi alishika kikombe mpaka mwisho, ingawa kwa mikono miwili.

Kupima mikono ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, dispanseri ya Goma. Njoo na karatasi ya mshahara ya mwisho, na uandike kwenye kipande cha karatasi kila mashine uliyowahi kuishika na miaka yake.