Kutoka DVD hadi Faili la Video: Kuchagua Programu na Mipangilio

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kilichomo ndani ya diski ya DVD;
(b) kutofautisha kodeki na kasha la faili;
(c) kukokotoa ukubwa wa faili kabla ya kulitengeneza;
(d) kuchagua programu na mipangilio, na kutoa sababu.

Lengo la (d) ndilo lenye uzito. Mtahiniwa anayetaja mpangilio bila sababu amejibu nusu ya swali.

1. Tatizo lenyewe

Katika nyumba nyingi za Unguja, Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba, kuna diski za harusi, maulidi na mahafali ya skuli. Mara nyingi mpiga video alikabidhi nakala moja au mbili tu, na huenda yeye mwenyewe hana tena kanda ya asili. Diski za kuchoma nyumbani huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na tabaka hilo huharibiwa na joto, mwanga wa jua na unyevu. Mikwaruzo nayo huongeza hasara. Wakati huohuo kompyuta nyingi mpya hazina tena kiendeshi cha diski.

Kwa hiyo mzazi akikwambia, "Wewe si unasoma kompyuta? Hebu niwekee harusi ya dada yako kwenye simu," amekupa kazi mbili. Ya kwanza ni kuokoa data. Ya pili ni kuibana ili itoshe kwenye simu. Usizichanganye, na usianze na ya pili.

2. Ndani ya DVD mna nini?

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Diski ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5. Picha zake hubanwa kwa kodeki ya MPEG-2. Kwetu Tanzania mfumo uliotumika ni PAL: pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde.

Kwa nini zibanwe? Piga hesabu. Kila pikseli ikichukua biti 24:

720 × 576 × 24 × 25 = biti 248,832,000 kwa sekunde

Hizo ni baiti 31,104,000 kila sekunde. Diski ya GB 4.7 ingejaa kwa sekunde 151 hivi, yaani dakika mbili na nusu. Bibi harusi asingefika hata jukwaani.

Ukifungua diski kwenye kompyuta utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili ya VOB, kila moja halizidi GB 1. Harusi moja imekatwa vipande kadhaa, kwa hiyo kunakili VOB moja si kunakili harusi nzima.

3. Ubanaji hufanyaje kazi?

Fikiria bibi harusi ameketi, nyuma yake pazia lisilotikisika. Fremu ya pili inafanana sana na ya kwanza. Kodeki haiandiki pazia upya; huandika kilichobadilika tu. Sasa fikiria taarab imekolea, wageni wanainuka kumtunza mwimbaji, kanga na madira ya kila rangi yanapita mbele ya kamera. Karibu kila pikseli imebadilika, na biti nyingi zinahitajika.

Pamoja na hayo, kodeki hutupa maelezo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Huu ni ubanaji wenye upotevu. Kilichotupwa hakirudi. Ukibana faili lililokwisha kubanwa, unatupa tena juu ya kilichobaki. Ndiyo maana kazi ya kuokoa hutangulia: nakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye diski ngumu kama ilivyo, ifungue uhakikishe inacheza hadi mwisho, ndipo utengeneze faili dogo kutoka kwenye nakala hiyo.

4. Kodeki na kasha

Wengi huchanganya hapa. Kodeki ni njia ya kubana na kufungua picha au sauti, kwa mfano MPEG-2, H.264 na H.265. Kasha ni faili linalobeba picha, sauti na maandishi pamoja, kwa mfano MP4 na MKV. Kubadilisha jina la faili kutoka .vob kuwa .mp4 hakubani chochote. Umebadilisha lebo ya kopo, si kilichomo.

H.264 (2003): huchezwa na karibu kila simu, televisheni na kompyuta. Hili ndilo chaguo salama la kugawia familia.
H.265 (2013): huweza kufikia ubora uleule kwa takribani nusu ya biti, lakini huchukua muda mrefu zaidi kutengeneza, na vifaa vya zamani huenda visiicheze.
MP4: kasha linalokubalika kwenye vifaa vingi.
MKV: hubeba aina nyingi za sauti na maandishi, lakini baadhi ya televisheni huikataa.

Jambo la kukumbuka penye umeme wa kukatika: MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni mwa kazi. Umeme ukikatika katikati, faili hilo mara nyingi halifunguki. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, au anza kazi ukiwa na uhakika wa umeme.

5. Kuchagua programu

HandBrake: ni ya bure, ina madirisha na vitufe, nayo husoma folda ya VIDEO_TS yote na kuunganisha vipande vyenyewe. Inamfaa anayeanza.
FFmpeg: ni ya bure, huendeshwa kwa kuandika amri. Inafaa ukiwa na mafaili mengi ya kubadilisha kwa mipangilio ileile.
VLC: sifa yake kubwa ni kucheza video za aina nyingi. Inaweza pia kubadilisha faili, lakini udhibiti wa mipangilio ni mdogo. Itumie kukagua kazi yako.

Pakua programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Nakala za kupokezana kwa flashi huweza kuja na virusi.

6. Mipangilio minne ya kuamua

(i) Ubora au ukubwa? Katika HandBrake unaweza kuweka namba ya ubora, RF. Namba ikipungua, ubora na ukubwa huongezeka. Kwa picha za DVD, watengenezaji hupendekeza RF 18 hadi 22. Njia hii huipa taarab biti nyingi na pazia biti chache, ila hujui mapema faili litakuwa kubwa kiasi gani. Ukihitaji ukubwa maalumu, weka wastani wa kasi ya biti badala yake.

(ii) Ukubwa wa picha. Baki na 576. Kuipandisha picha hadi 1080 hakuongezi undani ambao kamera haikuunasa. Kunaongeza uzito wa faili tu.

(iii) Umbo. Pikseli za DVD si mraba kamili. Picha ya 4:3 ionekane kama 768 kwa 576. Ya 16:9 kama 1024 kwa 576. Ukikosea, watu wataonekana wamefinywa au wametanuliwa.

(iv) Mistari. Video nyingi za PAL zilirekodiwa kwa nusu-fremu 50 kila sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Kwenye kompyuta, mkono unaopunga huonekana kama meno ya kitana. Washa kichujio cha kuondoa mistari. Katika HandBrake huitwa Decomb.

7. Mfano wa hesabu

Harusi ya dakika 90 inabadilishwa kuwa H.264 kwa kasi ya picha 1,500 kb/s na sauti 128 kb/s. Tafuta ukubwa wa faili.

Muda: 90 × 60 = sekunde 5,400
Jumla ya kasi: 1,500 + 128 = 1,628 kb/s
Biti zote: 1,628,000 × 5,400 = 8,791,200,000
Baiti: 8,791,200,000 ÷ 8 = 1,098,900,000
Jibu: GB 1.1 hivi

Kumbuka: kanuni haina ukubwa wa picha wala jina la kodeki. Ukubwa wa faili ni kasi ya biti mara muda. Kodeki huamua tu picha itapendeza kiasi gani kwa kasi hiyo.

8. Haki za mwenye kazi

Video ya harusi ya kwenu mna sababu ya kuihifadhi. Diski ya dukani ni jambo jingine. As Old as My Tongue, filamu ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude, ina mwenyewe, na kuigeuza faili ili uisambaze au uiuze bila ruhusa ni kuvunja haki yake. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA. Tanzania Bara ni COSOTA. Hata ya harusi, waulize wenyewe kabla ya kuirusha kwenye makundi ya simu. Wapo wanawake waliorekodiwa wakijua wanaoangalia ni jamaa tu.

9. Makosa yanayopoteza alama

Kusahau kugawa kwa 8 unapotoka biti kwenda baiti.
Kusema MP4 ni kodeki.
Kuacha sauti nje ya hesabu.
Kusema diski ina kasoro kwa kuwa kompyuta inaonyesha 4.38 badala ya 4.7. Kompyuta imegawa kwa 1,024 mara tatu. Baiti ni zilezile.
Kutupa diski ya asili baada ya kubana.

10. Zoezi

1. Flashi ya GB 16 itabeba mafaili mangapi ya mfano wa sehemu ya 7?
2. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 inakataa faili moja la GB 5 ingawa ina nafasi. Kwa nini?
3. Bibi anataka kuangalia harusi kwenye televisheni ya zamani yenye tundu la flashi. Chagua kodeki na kasha, utoe sababu.

Majibu

1. 16 ÷ 1.0989 = 14.56, kwa hiyo mafaili 14. Usikadirie kwenda juu: faili la 15 halitaingia.
2. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4 za kompyuta, hata nafasi ikiwepo. Punguza kasi ya biti, kata faili, au andaa flashi kwa mfumo wa exFAT baada ya kuhakikisha kifaa kinausoma.
3. H.264 ndani ya MP4, kwa sababu televisheni ya zamani ina uwezekano mkubwa wa kuzicheza kuliko H.265 au MKV. Jaribu kwanza kipande cha dakika mbili kwenye televisheni hiyohiyo, kisha ndipo ubadilishe harusi nzima.